Shule ina kiwanja, basi na mfadhili, mbona timu haifiki popote? Tafuta ugonjwa kwa dalili

Kila mwaka muhula wa pili, ule wa mashindano ya mpira wa shule, ukikaribia maswali yanaanza, mwalimu wa michezo anatuma voisi, mzazi anapiga simu, hata prinsipo. Na malalamiko ni yale yale: shule ina kiwanja chake cha nyasi, ina basi, kuna mfadhili ananunua jezi na buti, kuna vijana wamechukuliwa kwa skolaship kutoka Kwale na Kilifi, alafu timu inatolewa mapema na shule ya kutwa ya Kisauni ambayo haina hata goli lenye neti. Nimekaa pembeni ya timu za shule hapa Mombasa kitambo sasa, na haya mambo yanajirudia mpaka nimeona niyapange kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza manake ndio hukuta mara nyingi zaidi, ukiona sio yako shuka kwa inayofuata. Vya bure viangaliwe kwanza, kabla bodi haijaanza kuzungumzia kumfukuza kocha. Mara nyingi niliyoyakuta hayakuhusu mbinu kabisa, yalikuwa ni usingizi, chakula, ratiba, au ni nani hasa anachagua timu.

Dalili: Wanaanza kwa moto, dakika ya 55 wote wamekaa

Hii ndio inayoletwa sana, na wengi wanakimbilia kusema vijana hawana pumzi, bas wanaongezewa mizunguko ya kiwanja. Ngoja kwanza.

Angalia walikula nini na saa ngapi. Shule moja ya bweni niliamka nao siku ya mechi. Saa kumi na moja alfajiri chai ya rangi na mandazi mawili kila mtu, basi likaondoka saa mbili, likakwama foleni ya feri upande wa Likoni, wakafika kiwanjani wanavaa jezi wakikimbia, mechi yenyewe ikapigwa karibu saa sita adhuhuri jua liko utosini. Kati ya yale mandazi na kipenga hakuna aliyekula kitu, na maji yalikuwa jerikeni moja la lita 20 la watu 25. Walikuwa mbele bao moja mpaka mapumziko, wakafungwa matatu. Hapo hata ukimleta kocha wa Ulaya utafanya nini? Dawa yake ni ndogo: mlo wa kushiba saa tatu au nne kabla ya mechi, wali au viazi au chapati na maharagwe au mbaazi, mafuta kidogo, alafu ndizi mbivu na maji njiani. Kila mchezaji awe na chupa yake. Mwambie kijana aangalie mkojo wake asubuhi, ukiwa rangi ya chai hajanywa maji ya kutosha tangu jana. Na basi litoke kwa kuhesabu foleni ya feri ama msongamano wa Changamwe, sio kwa kuhesabu kilomita.

Ya pili ni usingizi. Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10 kila usiku. Shule za bweni prepu (muda wa kujisomea) ya usiku inaisha saa nne, ya asubuhi inaanza saa kumi na moja kabla jua halijatoka, toa muda wa kuoga na kupiga stori, amelala saa 6 akiwa na bahati. Alafu unamtaka akimbie dakika 80 ama 90. Ongea na mwalimu wa taaluma, wachezaji waachiwe prepu ya asubuhi wiki ya mashindano, wafidie mchana. Hii haigharimu shilingi na bado ndio ombi linalokataliwa zaidi, sijui kwanini mtu akubali kutoa pesa za jezi mpya akatae saa moja ya usingizi.

Ya tatu, Ramadhani. Miaka hii imekuwa ikiangukia muhula wa kwanza, 2026 ilikuwa Februari kuingia Machi, yani ule wakati timu nyingi zinajenga pumzi kwa ajili ya muhula wa pili. Kuna makocha wanaendelea na mazoezi ya saa kumi jioni kama kawaida na nusu ya timu wamefunga, joto la kaskazi bado lipo, mtoto hana maji mwilini tangu daku. Wengine wanasimamisha kila kitu mwezi mzima. Zote mbili zinaharibu. Sogeza mazoezi yawe mafupi na mepesi yakaribie magharibi ili wakimaliza wafuturu papo hapo, au yawe baada ya tarawehe kama kuna taa na kuna mtu mzima wa kuwasimamia, na yale makali yasubiri baada ya Idi.

Ya nne ni muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Nitasema wazi manake watu wanaifunika. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku Mombasa, mahakama ikasimamisha agizo lake, na sisi tulioko na vijana tunajua ilikuwa imeshafika shuleni zamani. Inakata njaa, inakata usingizi, kwa hivyo zile sababu mbili za juu zinakuja pamoja ndani ya mtoto mmoja. Ukiona kijana aliyekuwa mzima ghafla hali, macho hayafungi usiku, anachangamka saa moja alafu anazima, usimfokee mbele ya wenzake. Muite pembeni.

Na kuna za nadra ambazo si za kocha kabisa: malaria isiyoisha vizuri, upungufu wa damu, safura, na sikoseli ambayo huku Pwani ipo.

SIMAMA HAPA, ITA MTAALAMU: mchezaji akizirai akiwa anakimbia, akisema kifua kinabana, au moyo unapiga ovyo, hachezi tena mpaka daktari amuone na kumpima, hata kama ni fainali, hata kama anakuapia ni mzima. Akianguka bila kuguswa na haitiki, chukulia ni moyo, anza kukandamiza kifua katikati, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mwingine apige 999 au 112. Na yule anayepepesuka kwenye jua, anaongea maneno hayaeleweki, ngozi moto, huyo ni joto limemzidi: kivulini, vua jezi, mwagia maji mengi mwili mzima, barafu shingoni, makwapani na kwenye nyonga, mpoze hapo hapo ndio gari liondoke. Kumpakia kwenye basi la moto kumkimbiza hospitali bila kumpoza ni kumuumiza zaidi. Kwa mambo ya muguka na dawa, mwalimu wa ushauri nasaha na mzazi ndio wa kwanza, na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192.

Dalili: Mazoezini wazuri, kwenye mechi wanaganda

Sababu ya kwanza, mazoezi yenyewe hayafanani na mechi. Nilisimama nyuma ya goli shule moja, kiwanja safi, mipira zaidi ya kumi kwenye neti, imetolewa mitatu. Vijana karibu 30 wamepanga laini moja nje ya boksi, mmoja anapiga shuti, anafuata mpira kwenye michongoma, anarudi mwisho wa foleni. Nikamchagua mmoja, winga wa kulia, nikawa namhesabia. Dakika 20 aligusa mpira mara 5, na mara zote 5 hakukuwa na beki mbele yake. Wakimaliza wanasema leo tumepiga mashuti vizuri, na kweli walipiga vizuri, lakini hakuna aliyekuwa anawazuia. Mtoto wa mtaani Kongowea kule Uwanja wa Mbuzi anacheza wanne kwa wanne mchangani mpaka giza liingie, akiupokea mpira kuna mtu mgongoni tayari. Ndio anamshinda huyu wa kiwanja cha nyasi na hana ajabu yoyote.

Jipime hivi: chagua mchezaji mmoja kila siku, mwalimu mwingine amhesabie kwa dakika 20 amegusa mpira mara ngapi na mara ngapi alikuwa anakabwa. Ikiwa chini ya 30, vunja foleni zote. Gawa vikosi vidogo vya 4 kwa 4, magoli ya koni, mipira yote itolewe kwenye neti, duara la watu sita na wawili katikati wanakaba. Koni na bibu zinatosha, hakuna cha kununua.

Ya pili ni kelele. Kocha anapiga kelele, naibu wake anapiga kelele, prinsipo amekuja na wazazi, mfadhili yuko pale na kofia yake, wale waliosoma hapo zamani nao wamepanga mstari wanafundisha kila mtu namba yake. Kijana akipata mpira anaskia "piga!" "shika!" "rudisha!" kwa wakati mmoja. Chukua simu, rekodi sauti tu dakika 10 za mechi kutoka upande wa benchi, usiku kaeni muiskize. Sijaona benchi lililoiskiza ile rekodi likabaki vile vile. Sheria iwe sauti moja, wageni wakae upande wa pili wa kiwanja, na huyo anayeongea aongee mpira ukiwa nje.

Ya tatu, wanaogopa kitakachowapata wakifungwa. Kuna timu zinapigwa fimbo kwa kupoteza mechi, ndio, mpaka leo. Kijana kama huyo hatajaribu pasi ngumu, atautupa mpira mbele mtu mwingine akosee. Adhabu ya viboko shuleni imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sio swala la maoni ya kocha.

SIMAMA: ukisikia mchezaji anapigwa, anadaiwa pesa ili apangwe, au kuna mtu mzima anamuita chumbani au kumtumia meseji za usiku, hilo haliishii kwenye kikao cha michezo. Piga 116, ni laini ya watoto na haina malipo, na umueleze mzazi wake.

Penalti nazo zinaingia hapa. Wanapiga mazoezini wakiwa wamesimama pale pale kwenye alama ya mita 11 wakicheka. Wapige mwisho wa mazoezi wakiwa wamechoka, watembee peke yao kutoka duara la katikati, wengine wote wawe kimya.

Dalili: Kaunti tunatawala, tukipanda bara tunapigwa

Kwanza kabisa, kaunti hamkupata mtu wa kuwasumbua. Mkishinda 5, 6 kila mechi mabeki wenu hawajafanya kazi tangu Januari. Shule yenye basi haina sababu ya kujifungia Mvita. Nendeni Kwale, nendeni Malindi, Shimba Hills na Barani ni shule zina jina la mpira Pwani hii, ombeni mechi za kirafiki huko kwao sio kwenu. Na tafuteni timu za watu wazima za mtaani, mpigwe. Mkifungwa 3 na wanaume wa Changamwe mwezi wa tatu mtajua beki wa kushoto yuko wapi kabla Kakamega High au St. Anthony's ya Kitale hawajawaonyesha mbele ya nchi nzima.

Ya pili watu hawaifikirii kabisa: mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850, Eldoret kama 2,100. Hewa kule ni nyepesi, oksijeni inayoingia kwa kila pumzi ni pungufu, na mtoto wa Pwani anahisi kifua kimejaa dakika ya 15 akidhani anaumwa. Mpira pia unakwenda mbali zaidi hewani kuliko alivyozoea, krosi zinapita, kipa anakosea hesabu ya mipira ya juu. Alafu mmefika usiku wa manane baada ya karibu kilomita 800 za basi, wamelala kwenye baridi na shuka moja, asubuhi mechi. Kama kuna pesa ya mfadhili, kabla ya jezi ya tatu, inunue siku za kufika mapema, siku kadhaa zinasaidia kuliko moja. Kama haiwezekani, mkubali kucheza tofauti: msikabe juu dakika 20 za mwanzo, mabadiliko yafanywe mapema, kipa na mpiga kona wapate nusu saa kwenye hewa ya kule kabla, siku ya kuamkia mechi mazoezi yawe ya kunyoosha tu. Na mablanketi, tafadhali. Nimeona timu ya Mombasa imevaa jezi za mechi kulalia.

Ya tatu, kikosi ni watu 11 tu. Mashindano ya shule mechi zinafuatana siku kwa siku, na timu ambayo namba 12 mpaka 18 hawajawahi kuanza mechi yoyote ya maana itachoka siku ya tatu hata iwe na nani. Wale wa benchi waanze mechi zile za 6 bila kaunti ndogo, ndio kazi yake.

Dalili: Majeruhi hawaishi

Uliza Jumatatu, bila hasira: nani alicheza mtaani Jumamosi na Jumapili? Utashangaa. Wachezaji wazuri wa kutwa wanachezea timu mbili tatu za mtaa wikendi, kuna za kulipwa nauli na soda, alafu Jumatatu kocha anawakimbiza tena kama waliokuwa wamelala. Ukiwakataza watakuficha. Bora ujue, Jumatatu iwe nyepesi kwa waliocheza.

Kisha tazama miguuni. Buti za mfadhili za shule moja zilikuja saizi 8 na 9 peke yake, vijana wa saizi 6 wakajaza gazeti mbele. Kingine ni zile za vyuma virefu kwenye viwanja vyetu vigumu, mguu unakwama ardhini na goti linazunguka. Kwa ardhi kavu tumia za meno mafupi ya plastiki.

Kisha kupasha mwili. Mizunguko miwili na kushika vidole vya miguu haitoshi. FIFA wana utaratibu wao unaoitwa 11+, sehemu 3, mazoezi 15, kama dakika 20, ni bure kuupata na hauhitaji vifaa. Tafiti zimeonyesha timu zinazoufanya kwa uaminifu, angalau mara mbili kwa wiki, majeruhi hupungua kwa kama theluthi. Wengi huufanya wiki moja wakauacha kwa kuwa unaboa. Mpe kapteni ausimamie.

SIMAMA: goti likilia "tak" na kuvimba ndani ya saa chache, au mguu hauwezi kukanyaga hatua nne, ni hospitali na picha, SIO kwa mkandaji. Najua mkandaji wako ana mkono mzuri, kwa msuli uliokaza sawa, lakini mshipa wa goti uliokatika ama mfupa uliopasuka ukikandwa unaharibika zaidi. Kichwa je? Akigongana vichwa kisha akasahau matokeo, akaona mawili, akatapika, akawa mzito, anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Kichwa kikizidi kuuma, au akizidi kusinzia, ni dharura, msimwache alale bwenini peke yake.

Dalili: Wa kuletwa na wenyeji hawapasiani

Hawa wa skolaship wanapewa buti mpya, wanakula meza yao, wanasamehewa kufagia. Wenyeji wanaona. Uwanjani utaona winga yuko wazi kabisa na mpira haumfikii, rekodi mechi moja kwa simu uhesabu nani anampasia nani. Sababu kubwa ni hayo matunzo tofauti, na yanarekebishika kesho asubuhi: meza moja, zamu moja ya kufagia, buti kwa wote au kwa hakuna. Ya pili ni mbaya zaidi, kwamba mfadhili ndiye anapanga timu. Kama kuna namba inapangwa kwa simu usiku, kocha hata afanye nini vijana hawatamskiza, na hapo wa kuongea na mfadhili ni mwenyekiti wa bodi, sio kocha.

Dalili: Mwaka jana tuliwika, sasa hatujielewi

Hesabu madarasa kabla ya kulaumu mtu. Fomu 1 za mwisho ziliingia 2024. Mwaka 2025 hakukuwa na Fomu 1 nchi nzima, 2026 ndio Gredi ya 10 ya mtaala mpya ikaingia. Yani kuna mwaka mzima haukuleta mchezaji mpya hata mmoja, na Fomu 4 wa kila mwaka wanatoka kama kawaida, wa mwisho kabisa watafanya mtihani wao wa KCSE 2027. Shule iliyokuwa inategemea wakubwa wake lazima itikisike. Tembeleeni shule za jirani zenye jinia sekondari mapema, muwajue watoto wa Gredi ya 9 sasa, na mkumbuke senior skuli ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, shule yenye kiwanja na basi inaweza kuwavuta kwa haki kabisa bila kumnunua mtu.

Dalili: Tunashinda uwanjani, tunapoteza mezani

Rufaa inakatwa, pointi zinaondoka. Mara nyingi ni karatasi zimechelewa ama majina hayafanani, Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye usajili wa shule. Kaa na faili la kila mchezaji mwezi wa pili, sio usiku wa kuamkia mechi: cheti cha kuzaliwa halisi, usajili wake wa shule, barua ya uhamisho kama alihama, na picha ya sasa. Soma herufi kwa herufi, mwalimu wa pili arudie. Cheti chenye makosa kinarekebishwa kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo na mzazi mwenyewe, inachukua muda, kwa hivyo anzeni mapema. Usimruhusu mtu yeyote akuuzie njia ya mkato ya cheti.

Na kama umri wenyewe ndio una utata, yani kijana ni mamluki, amepita umri, na wewe unajua, mtoe kwenye orodha leo. Mchukue aliye namba 19 kwenye daftari lako umpe hiyo jezi, ana mpaka muhula wa pili kuizoea.